Kubadilisha mitambo ya gesi ya paani: je, ufanisi wa asilimia 92 unatosha kuamua?

Msimamizi_Jengo aliuliza:

Ndugu wataalamu, naomba ushauri wenu kabla sijatia saini. Ninasimamia jengo la biashara la ghorofa mbili, lenye ofisi juu na maduka chini, linalopashwa joto na mitambo sita ya gesi asilia iliyokaa paani. Kila mtambo una kichomeo kinachotumia gesi ya kiwango cha kilowati 75, na kibao chake kinaonyesha ufanisi wa joto wa asilimia 80. Mitambo hii ni mizee, na viwili kati ya vibadilisha joto vyake (vyuma vinavyopitisha joto la moshi kwenda kwenye hewa bila viwili hivyo kuchanganyika) vimeanza kutoboka kwa kutu, kwa hiyo suala la kubadilisha halina mjadala tena.

Mjadala uko kwenye aina. Mzabuni mmoja ameleta mitambo ya kawaida ya asilimia 81, mwingine ameleta mitambo inayotonesha mvuke wa moshi, yaani inayoupoza moshi hadi mvuke wake ugeuke maji, ambayo anasema inafikia asilimia 92, na wa tatu ameandika katika kijarida chake asilimia 102, jambo lililonifanya niweke karatasi yake pembeni kwa kuwa sijawahi kuona kitu kinachotoa zaidi ya kilichoingizwa. Wapangaji wanachangia gharama ya gesi na wanataka kuona inashuka. Kila mtambo unaingiza hewa ya nje kiasi cha mita 1 ya ujazo kwa sekunde wakati jengo lina watu, na hewa chafu inatolewa na mtambo huo huo. Je, tofauti kati ya 81 na 92 ndiyo niitazame kwanza, au kuna jambo linalonipita?

Mhandisi_Hewa alijibu:

Ndugu Msimamizi, nianze na hiyo asilimia 102, kwa sababu aliyeiandika huenda hakudanganya. Gesi asilia ikiungua hutoa mvuke wa maji, kiasi cha kilo 1.6 kwa kila mita ya ujazo ya gesi, na mvuke huo hubeba takribani sehemu moja ya kumi ya nishati yote ya gesi. Baadhi ya nchi hupima ufanisi kwa kuhesabu nishati yote, pamoja na ile ya mvuke. Nyingine huiacha nje ya hesabu kana kwamba haipo. Mtambo uleule wenye asilimia 92 kwa kipimo cha kwanza utasomeka karibu 102 kwa kipimo cha pili. Waombe wazabuni wote watatu waandike kwa kipimo kimoja, tena kile cha kwanza kinachohesabu nishati yote, kisha ndipo ulinganishe.

Hapo pia utaelewa kwa nini mitambo ya kawaida imekwama kwenye 80 au 81 kwa miaka mingi, na kwa nini hata kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2023 inadai asilimia 81 tu kwa matanuri ya gesi ya majengo ya biashara. Ukitaka zaidi ya hapo, ni lazima uupoze moshi hadi chini ya nyuzi joto 55 hivi ili mvuke ugeuke maji na kuliachia joto lake, na maji hayo yana asidi inayokula chuma cha kawaida. Mtambo wa asilimia 86, kwa mfano, ungekuwa unatonesha leo na kesho hautoneshi, na kibadilisha joto chake kingeoza mapema. Ndiyo maana soko linaruka kutoka 82 hadi 90 na kuendelea, bila kitu cha maana katikati.

Sasa swali lako lenyewe. Fanya hesabu ya saa moja ya kawaida ya baridi, nje nyuzi 0 na ndani nyuzi 20. Kupasha mita 1 ya ujazo ya hewa kwa kila sekunde kutoka 0 hadi 20 kunahitaji kilowati 24. Tuseme kuta, madirisha na paa vinapoteza kilowati 16 nyingine katika eneo la mtambo mmoja, jumla 40. Kwa ufanisi wa asilimia 80 unachoma gesi ya kilowati 50. Ukifunga mtambo wa asilimia 92, unachoma 43.5, yaani umeokoa 6.5.

Geuza hesabu. Bakiza kichomeo cha asilimia 80, lakini weka gurudumu la kurejesha joto, linalochukua joto la hewa inayotolewa na kulikabidhi hewa inayoingia. Gurudumu lenye uwezo wa kurejesha asilimia 70 litakupa karibu kilowati 17 kati ya zile 24, hivyo kichomeo kitabakiwa na kazi ya kilowati 23 na gesi ya 29. Umeokoa 21, zaidi ya mara tatu ya kile ambacho asilimia 92 ingekupa peke yake. Ukiweka vyote viwili, kichomeo bora kinaongeza akiba ya kilowati 4 hivi juu ya hiyo 21.

Sisemi kwamba mtambo wa kutonesha hauna faida. Nasema kwamba katika jengo kama lako joto linalotoka kwa mlango wa hewa chafu ni kubwa kuliko linalotoka kwa bomba la moshi. Hesabu yangu ni ya saa ambazo jengo lina watu. Usiku, dampa ya hewa ya nje (mabapa yanayofungua na kufunga njia ya hewa) ikiwa imefungwa, gurudumu halina kazi. Pia gurudumu huongeza mzigo wa feni, nawe utalipa umeme wake. Uzuri ni kwamba hewa yako chafu inapita kwenye mtambo huo huo. Wapo wenye majengo ambayo hewa yote hutolewa na feni ndogo ndogo za vyooni zilizotawanyika paani, na hao gurudumu haliwasaidii kitu.

Fundi_wa_Paani alijibu:

Hesabu ya Mhandisi naikubali, ila inachukulia kwamba dampa ikiambiwa ijifunge inajifunga kweli. Mimi kazi yangu ni kupanda paani, na ninachokikuta huko mara nyingi hakifanani na kilichoandikwa kwenye skrini ya ofisini.

Mwaka juzi niliitwa kwenye jengo ambalo matumizi ya gesi yalikuwa yamepanda bila sababu inayoonekana. Kidhibiti kilionyesha dampa ya hewa ya nje iko asilimia 0 usiku kucha. Nilipofungua mlango wa mtambo nikaona mota inazunguka vizuri kabisa hadi mwisho, lakini skrubu inayobana mkono wa kuunganisha mota na mhimili wa dampa ilikuwa imelegea, mkono unateleza, na mabapa yamebaki wazi upana wa vidole viwili. Baridi ilikuwa ikiingia usiku wote, kichomeo kikiwaka na kuzimika kuipasha hewa ambayo hakuna mtu wa kuivuta. Niliweka alama ya kalamu kwenye mhimili, nikaibana ile skrubu, nikaagiza dampa ifunguke na kufunga mara tatu huku nikiitazama alama. Kazi ya chini ya saa moja.

Kwa hiyo, ndugu Msimamizi, kabla ya kulipia asilimia kumi na moja za ziada, andika kwenye zabuni mambo ambayo asilimia ya kibao haiyagusi hata kidogo. Ufanisi ule hupimwa kichomeo kikiwa kinawaka mfululizo. Haupimi joto linalopenya kwenye kuta za kasha lenyewe, wala hewa inayovuja kwenye milango yake, wala dampa isiyobana. Mtambo wa paani unakaa nje kwenye upepo usiku na mchana, na wengi wanasahau kwamba kasha lake ni sehemu ya jengo. Taka kuta mbili zenye kizuizi cha joto cha milimita 50 kati yake badala ya bati moja lenye utando mwembamba unaochanika baada ya misimu michache, na taka dampa zenye kiwango kidogo cha kuvuja, chenye cheti.

Jambo la pili ni ukubwa. Usikubali kubadilishiwa 75 kwa 75 kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mtambo mkubwa kupita kiasi huwaka dakika chache, unazima, unawaka tena, na kila mara feni inapuliza kwanza kusafisha chumba cha mwako na kutupa joto nje. Ukiweka gurudumu, mahitaji ya kichomeo yanashuka, basi punguza kichomeo. Na kiwe kinachopanda na kushuka polepole, walau hadi moja ya tano ya nguvu yake, kwa sababu siku za baridi kali kabisa ni chache na siku za baridi ya wastani ndizo nyingi. Feni nayo iwe ya kubadilisha kasi: ikizunguka nusu ya kasi, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu moja ya nane.

Hivyo vibadilisha joto viwili vilivyotoboka usiviache viendelee kuwaka hadi zabuni ikamilike. Tundu pale linaweza kupitisha monoksidi ya kaboni kwenye hewa ya watu. Vizimwe.

Msimamizi_Jengo aliandika:

Ahsanteni sana. Viwili vimezimwa leo asubuhi, na maduka ya upande huo yanatumia joto la mitambo ya jirani kwa sasa. Nimepanda paani mwenyewe nikiwa na kalamu kama Fundi alivyoeleza: kati ya mitambo minne iliyobaki, dampa ya mmoja haifungi kabisa, na ya mwingine imekosa utepe wa mpira wa kuzibia. Sikutegemea.

Ninaloelewa ni kwamba niombe bei upya ya mtambo mdogo zaidi wenye gurudumu na kasha zuri, kisha kichomeo cha kutonesha kiwe nyongeza ya kuamuliwa peke yake. Je, kuna hali ambayo nyongeza hiyo ingekuwa ya lazima?

Bi_Mitambo alijibu:

Ndugu Msimamizi, ninatofautiana kidogo na waliotangulia, kwani wote wamezungumzia mtambo unaochanganya hewa ya nje na hewa inayorudi kutoka ndani. Mtambo unaoingiza hewa ya nje tupu, kama wa jiko kubwa au maabara, ambako hewa chafu ina mafuta au kemikali na kwa kawaida haipitishwi kwenye gurudumu, habari yake ni nyingine. Hewa inayoingia ni baridi sana, kichomeo kinafanya kazi saa nyingi na karibu na nguvu yake yote, na moshi unapozwa vizuri. Huko ningeanza na kichomeo cha kutonesha bila kusita. Je, maduka yako ya chini yana mgahawa? Kama upo, mtambo wake utazame peke yake.

Kuna sababu nyingine ya kuangalia kwa makini kutu ya vibadilisha joto vyako. Mtambo wa kawaida ukiingiziwa hewa iliyochanganyika yenye baridi kuliko watengenezaji walivyoruhusu, hutonesha bila kukusudiwa, na chuma chake hakikutengenezwa kustahimili asidi. Kama na mitambo hiyo miwili ina dampa zisizofunga, huenda ndizo zilizosababisha kutu hiyo. Gurudumu litaiongezea joto hewa kabla haijafika kwenye kichomeo, kwa hiyo hata ukibaki na asilimia 81 utakuwa umekilinda kibadilisha joto. Ongeza pia sensa za dioksidi ya kaboni kwenye vyumba vya mikutano, ili dampa zifuate idadi ya watu walio ndani badala ya idadi iliyokadiriwa siku jengo linachorwa.

Msimamizi_Jengo aliandika:

Mgahawa upo, mmoja, kwenye kona. Basi huo utapata mtambo wa kutonesha. Maji yake yanakwenda wapi? Paa letu huganda.

Fundi_wa_Paani alijibu:

Hapo ndipo wengi hukosea. Kichomeo cha kilowati 75 kikiwaka kwa nguvu yote kinaweza kutoa hadi lita 11 kwa saa iwapo mvuke wote utageuka maji. Kwa kawaida ni pungufu ya hapo, lakini si matone. Usiyaache yamwagike paani: yataganda, na asidi yake itakula bati na mifereji ya mvua. Bomba la plastiki lishuke moja kwa moja ndani ya fremu ambayo mtambo umekalia, liingie ndani ya jengo kwenye joto, lipite kwenye chombo chenye kokoto za chokaa za kupunguza asidi, ndipo liungane na bomba la maji taka. Kipande kifupi kilichobaki kwenye kasha kizungushiwe waya wa kupasha joto.

Kokoto zile huisha. Weka chombo mahali unapoweza kukifikia bila ngazi, na uzijaze kila mwaka kabla baridi haijaanza. Wakati huohuo mimina maji kwenye kona ya bomba iliyopindwa ya kuzuia moshi, kwa sababu katika miezi ya joto maji yake hukauka, na siku ya kwanza ya kuwasha, moshi huweza kupenya humo.