Huyu "mkosoaji wa dini zote" mbona anaijua dini moja tu?

Ndugu zangu, naandika hasira zikiwa hazijapoa. Mhusika simtaji kwa sababu nyote mnamjua: ni yule anayeanza kila mchango kwa "mimi nazikosoa dini zote", kisha safari yake ikaishia msikitini kila mara. Ukimwuliza nani kavunja bilauri jikoni, atasema ni Waislamu.

Jana tulijadili swali zito, yaani dini inabeba lawama kiasi gani watu wanapouana kwa jina la Mungu. Alipopewa nafasi, alimgeukia dada mmoja mwenye hijabu, ambaye hata kinywa hakuwa amefungua, akamwuliza mbele ya wote: "Ninyi mtaacha lini kuua watu?" Ninyi! Dada yule alikuwa akiandika. Alifunika kalamu yake, akaiweka juu ya daftari, asiandike tena.

Dini na ikosolewe, Uislamu ukiwemo. Kundi lililojiita Dola la Kiislamu lilipowafanya wanawake wa Kiyazidi, jamii ya dini ya wachache huko Iraq, kuwa watumwa mwaka 2014, lilitoa hoja za kidini kuhalalisha unyama huo, na hoja hizo zinapaswa kuvunjwa hadharani. Waliozivunja ni pamoja na wanazuoni wa Kiislamu zaidi ya 120, waliotia saini barua ya wazi Septemba mwaka huohuo. Je, hao nao wamo katika ile "ninyi" yake?

Padri Athanase Seromba alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 kwa kuhusika kwake katika kubomolewa kwa kanisa la Nyange, Rwanda, huku Watutsi waliokimbilia humo wakiwa ndani. Huko Myanmar, kabla Warohingya, jamii ya Waislamu wachache nchini humo, zaidi ya 700,000 hawajakimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017, walikuwapo watawa wa Kibudha waliohubiri chuki dhidi ya Waislamu waziwazi. Aliyewaua Waislamu 29 wakiwa katika sala huko Hebron mwaka 1994 alikuwa Myahudi mwenye itikadi kali. Sijamsikia bwana huyu akimsimamisha Mkatoliki, Mbudha au Myahudi aliyekaa kimya na kumwuliza ataacha lini kuua, na asithubutu. Kwa nini basi dada yule? "Ninyi mtaacha lini"! Bado inanilia masikioni.

Jibu la 1: Nilikuwapo. Umesahau kwamba baada ya kuuliza alitazama huku na huku akisubiri kupigiwa makofi.

Jibu la 2: Mleta uzi, hotuba ndefu hivi unatuandikia sisi kwa nini? Jana ulikuwa umekaa kiti cha pili kutoka kwake na hukusema neno.

Jibu la 3: Huyo ana nafuu. Mimi yupo wangu anayedai kwamba dini haijawahi kumwua mtu, ni siasa tu. Ukimtajia Vita vya Msalaba, anakwambia wale hawakuwa Wakristo wa kweli.

Jibu la 4: Huyo wa Jibu la 3 namjua! Fungua uzi wake tuje.