Bustani ya mtaa kando ya hori: lazima mikoko ifyekwe?

Kijana wa Mikindani
Asalaam aleikum wadau, naomba ushauri. Huku kwetu kuna uwanja unateremka mpaka hori la Tudor, na kamati ya mtaa imepata pesa za kuufanya bustani, wazee wapate pa kupunga upepo na watoto pa kucheza. Sasa kontrakta ameleta ramani yake na wallahi imenichoma roho. Anataka kusawazisha kote kwa kifusi, kabro, yale matofali ya kutandika chini, kutoka barabarani mpaka majini, na ile michu yote ya ukingoni, aina ya mikoko, itolewe ati watu waone bahari. Kuna mbuyu mmoja mkubwa, huo ameuacha lakini simiti imeuzunguka mpaka shinani. Kikao ni wiki ijayo, niende na hoja gani?

Fundi Bustani
Kakangu kabla ya hoja yoyote, ngoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu. Maji yakijaa kabisa shukeni na vigingi mchomeke pale yalipofika, chini ya vigingi hapajengwi kitu. Ramani nyingi zinachorwa na mtu aliyekuja saa ya maji kupwa akaona pakavu akafikiri ni ploti. Ule mbuyu nao mizizi yake inatambaa mbali na haiko chini sana, ukiuzibia na simiti maji ya mvua hayaingii, wekeni mchanga na mabenchi tu. Kabro ziishie huku juu watu wanakoingilia. Na kama kamati ina shaka wapelekeni Haller Park pale Bamburi, lile lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya simiti, udongo hakuna, maji ya chini yana chumvichumvi. Rene Haller, aliyeotesha msitu humo, alianza 1971 akajaribu miti aina 26 ikashika 3, mvinje ndio uliobeba kazi, lakini majani yake yakawa yanajaa chini hayaozi mpaka akaletewa majongoo wakayatafuna yakawa udongo. Miaka na miaka ya kazi hiyo, kupata kitu ambacho nyinyi mnacho tayari bila kulipa senti.

Msafiri wa Likoni
Mimi niseme ukweli ndugu zangu, watu wanapenda bustani ya Mama Ngina pale Mombasa kwa sababu pana uwazi, unaona meli inaingia bandari ya Kilindini na familia inakaa mpaka usiku bila wasiwasi. Kichaka huku mitaani dada zetu watapita saa moja jioni kweli? Na mbu je?

Mama Miche
Mwanangu hofu yako ni ya haki na usipoijibu kwenye kikao utashindwa. Karibu na njia pandeni vitu vifupi vya magotini, miti mikubwa ikatwe matawi ya chini mpaka juu ya kichwa, taa ziwe kwenye njia lakini zisimulike majini. Mbu anataka maji yaliyosimama, kwenye mitaro iliyoziba na makopo, mkimwaga kifusi hapo ndio mtatengeneza vidimbwi. Kuhusu michu, ile mizizi inayochomoza kama vidole ndiyo pua zake, ikifunikwa mti unakufa. Sisi tunaootesha miche tumeona watu wanapanda aina ile iitwayo mkoko palipokuwa pa mchu na yote inakauka, kila mti una mahali pake kulingana na maji. Kaa na kamba wanakulia humo, waulize wavuvi wenu. Na mwambie kontrakta taratibu tu kwamba mikoko ya Kenya, aina zote, ni msitu wa serikali tangu 1932, hafyeki mtu bila ruhusa. Mkitaka kuona bahari jengeni njia ya mbao juu ya nguzo ipenye katikati, upana wa watu wawili watosha.

Kijana wa Mikindani
Shukran sana mama, fundi na wewe wa Likoni, hilo la jioni sikuwa nimelifikiria kabisa na mamangu hupita hapo akitoka sokoni. Nimeongea na mvuvi mmoja jirani, bamvua ni Alhamisi, tunashuka na vigingi na nimemwomba mwenyekiti aje tuchomeke naye.