Mjadala: Je, kiongozi apimwe kwa vinavyoonekana au kwa busara isiyojitangaza?

Hoja iliyo mezani inasema kwamba kiongozi ambaye kazi yake haionekani kwa macho hana haki ya kudai kuwa ameongoza, na kwamba mpiga kura anayemchagua mtu wa majengo, barabara na sherehe za uzinduzi anatumia akili zaidi kuliko yule anayemsifu mtu wa busara ambaye hakuna anayeweza kueleza alifanya nini. Wanaoitetea wanaongeza kwamba ukimya ni kichaka cha uzembe na wizi, kwa kuwa jambo lisiloonekana halikaguliki. Naipinga hoja hiyo, ingawa sehemu yake ya mwisho ina uzito na nitairudia.

Kosa lake la kwanza ni kudhani kwamba kila tunda la uongozi lina umbo. Sehemu kubwa ya kazi ya kuongoza ni kuzuia: vita visilipuke, mkopo usiolipika usichukuliwe, daraja lisiporomoke kwa kukosa ukarabati. Balaa lililozuiwa haliwekewi jiwe la msingi. Kompyuta zilipoingia mwaka 2000 bila maafa makubwa, baada ya miaka kadhaa ya kurekebisha programu zilizokuwa zikiandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, wapo waliosema kuwa fedha zilipotea bure kwa sababu hakuna kilichotokea. Kutotokea huko ndiko kulikokuwa kumelipiwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kale. Mwaka 217 Kabla ya Kristo, Hannibal, jemadari wa Karthago aliyeivamia Italia, alikwisha kuliangamiza jeshi la Roma kando ya Ziwa Trasimene, na Warumi wakampa Fabius Maximus madaraka ya dharura ya dikteta, cheo cha kisheria ambacho kwa kawaida hakikuzidi miezi 6. Fabius aliona jambo ambalo wengi hawakutaka kuliona, kwamba Hannibal alikuwa hashindiki uwandani lakini alikuwa mbali na kwao na alihitaji kulisha jeshi lake kila siku. Akakataa kupigana vita vya uso kwa uso. Akawa anamfuata kupitia vilimani, akiwashambulia wanajeshi waliotumwa kutafuta chakula, huku askari wake mwenyewe wakitazama mashamba ya Italia yakiungua bondeni na kumwona mwoga. Hannibal, aliyeijua vizuri mioyo ya watu, akaamuru kila kitu kichomwe isipokuwa mashamba ya Fabius, ili Warumi wamshuku kuwa msaliti. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Fabius aliyauza mashamba hayo na kutumia fedha zake kuwakomboa mateka wa Kirumi.

Hata hivyo wananchi walichoka naye. Naibu wake, Minucius, alipata ushindi mdogo Fabius akiwa hayupo kambini, na Roma ilishangilia kiasi cha kumpandisha awe na mamlaka sawa na mkuu wake. Haukupita muda mrefu Minucius akaingia mtegoni, na Fabius akashuka na jeshi lake kumwokoa, wala hakumdhalilisha mbele ya watu. Mwaka uliofuata, Fabius akiwa amemaliza muda wake, Roma ilikusanya jeshi kubwa mno na kulipeleka Cannae, kusini mwa Italia, kutafuta ushindi wa kuonekana. Makumi ya maelfu ya Warumi waliuawa kwa siku moja. Baada ya hapo Warumi waliurudia mwendo ule ule walioudharau.

Ninachowaomba wapinzani wangu wakitazame hapa ni gharama. Watu husema busara ni subira, kana kwamba kusubiri ndilo jambo gumu. Kwa Fabius, ugumu ulikuwa ni kuitwa msaliti na watu aliokuwa akiwalinda, huku njia ya kujisafisha ikiwa wazi mbele yake: kupigana siku moja tu na kupata sifa, hata kama jeshi lingeangamia. Kiongozi anayeongozwa na kiu ya sifa hawezi kuubeba mzigo huo, hata akiwa hodari na mwenye nia njema.

Sasa niirudie hoja ya kutokaguliwa, kwa sababu ndiyo inayostahili jibu la kweli. Oktoba 1962, dunia ilikaribia vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Kisovieti nchini Cuba. Tarehe 27 ya mwezi huo, Robert Kennedy, kwa niaba ya kaka yake aliyekuwa rais wa Marekani, alimwambia balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, kwamba makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki yangeondolewa, kwa sharti kwamba jambo hilo lisitangazwe. Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alikubali, na akaubeba mbele ya dunia mwonekano wa mtu aliyeshindwa. Makubaliano hayo yalikuwa na busara kubwa pande zote mbili, na huenda wengi wetu tusingekuwapo kama wakubwa wale wangetafuta ushindi wa jukwaani. Lakini kwa miaka mingi umma uliamini kuwa msimamo mkali peke yake ndio uliomrudisha adui nyuma, na viongozi waliofuata wakajifunza somo la ukakamavu kutokana na tukio lililomalizwa kwa kupeana. Hapa nakubaliana na wapinzani wangu: busara iliyofichwa kabisa inaweza kuzaa upumbavu kwa wanaokuja baadaye.

Ndiyo maana natofautisha kutojitangaza na kuficha. Mwaka 1967 almasi ziligunduliwa Orapa, Botswana, katika eneo la Bangwato, kabila ambalo Rais Seretse Khama mwenyewe alikuwa mrithi wa uchifu wake kabla ya kuukana. Mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria iliyoyaweka madini mikononi mwa taifa zima badala ya makabila. Angeweza kuwaachia watu wake utajiri ule na kuimbwa nao kwa vizazi. Alichagua kifungu cha sheria, kilichopita bungeni na ambacho yeyote angeweza kukisoma. Muongo uliofuata, tarehe 4 Desemba 1977, Bokassa, mtawala wa iliyokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, alijitawaza kuwa mfalme mkuu, akiwa ameketi kwenye kiti kilichopakwa dhahabu chenye umbo la tai, kwa gharama inayokadiriwa kuwa dola milioni 20. Kipi kati ya viwili hivyo kilionekana zaidi? Na kipi kilikaguliwa na umma? Fahari ile ilionekana na kila mtu, wala hakuna raia aliyepewa nafasi ya kuihoji. Miaka miwili haikutimia akapinduliwa.

Wapo watakaosema kwamba nyakati za msiba watu wanahitaji kumwona kiongozi wao. Ni kweli, na sina ubishi nao. Kufika kwa waliofiwa ni wajibu, na anayejificha wakati huo kwa jina la unyenyekevu anawakosea watu wake.

Pendekezo langu, basi, ni kwamba kila anayeomba uongozi aulizwe ni jambo gani alilikataa akijua kwamba kulikubali kungemletea sifa, na sababu zake ziliandikwa wapi. Mwenye busara ya kweli atatuonyesha kumbukumbu za kikao, ripoti ya mkaguzi au bajeti ya ukarabati iliyolindwa isihamishiwe kwenye jengo jipya. Mzembe aliyejificha nyuma ya ukimya hatakuwa na karatasi yoyote.

Linalobaki kujadiliwa ni muda. Fabius alithibitishwa na matukio ndani ya mwaka mmoja, lakini ukweli wa Oktoba 1962 ulichukua miongo kujulikana kikamilifu, na uchaguzi hausubiri kiasi hicho. Ningependa kusikia kutoka pande zote mbili: kazi ya kuzisoma kumbukumbu hizo mapema na kuwaeleza wapiga kura apewe nani, bunge, wakaguzi au waandishi wa habari, na tutamzuiaje naye asigeuke mpiga debe?