Winga wangu kaanguka uwanjani bila kuguswa na Jumapili anataka kucheza. Nifanyeje?

Kocha wa Makorora
Assalaam aleykum, na habari zenu wote.

Nafundisha timu ya mtaani hapa Makorora, Tanga. Juzi jioni mazoezini winga wangu, kijana wa miaka 17, alikokota mpira kutoka katikati mpaka karibu na kibendera cha kona, hakuna aliyemgusa, akaanguka kifudifudi. Hata mikono hakutanguliza. Nilipomgeuza macho yalikuwa wazi lakini hayaoni, na miguu inarukaruka. Mmoja akammwagia maji, mwingine akawa anapiga kelele kiletwe kijiko asimeze ulimi, mzee mmoja pembeni akasema huyu kapandisha. Hatujaamua lolote akazinduka, akakaa, akauliza mpira uko wapi.

Jumapili tuna mechi ya ndondo na anataka kuanza. Nilimfuata baba yake nyumbani. Akaniambia kijana hakula mchana, tena hata Eriksen wa Denmaki moyo ulisimama dunia nzima inaangalia, na akarudi kucheza Uingereza. Mzee huyo ni mkubwa kwangu, siwezi kushindana naye. Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Baba mdogo wa kijana huyu alikufa akiwa barobaro, pale Raskazone, akiogelea na wenzake. Alikuwa muogeleaji hodari na maji hayakuwa ya kina.

Nimwache acheze? Na akianguka tena, sisi ambao mashine ya kushtua moyo hatuna, tuanzie wapi?

Mshika Kibendera
Mwalimu, usimpange. Nimeshika kibendera miaka mingi, Mkwakwani na viwanja vya mchanga, na mchezaji anayeanguka peke yake hunitisha kuliko anayevunjwa mguu. Mwaka 2003 nilikuwa naangalia Kameruni na Kolombia, nusu fainali ya Kombe la Mabara kule Lyon. Dakika ya 72 Marc-Vivien Foé akaenda chini duara la katikati, hakuna mtu karibu naye. Alikuwa na miaka 28, jitu la miraba minne. Hakuamka. Baadaye ikasemwa misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi, na alikuwa akicheza nayo miaka yote. Mpaka leo nikiona mtu kalala bila kuguswa, naingia uwanjani refa apulize asipulize.

Nesi wa Chumbageni
Kaka yangu kocha, asicheze Jumapili, na mazoezi pia asimame kuanzia leo. Kuzimia baada ya kukimbia, umesimama kwenye jua, mara nyingi ni presha ya damu kushuka. Kuzimia katikati ya mbio ni habari nyingine kabisa, na daktari yeyote wa moyo atakuuliza hilo kwanza. Ukiongeza ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, tena majini na anajua kuogelea, mimi siwezi kukaa kimya. Yapo matatizo ya umeme wa moyo yanayorithiwa ambayo huamshwa hasa na kuogelea au mbio. Sisemi ndiyo aliyonayo mwanao. Nasema hatuwezi kujua kwa macho, wala kwa kuona kazinduka na anaomba mpira.

Na ile miguu kurukaruka isiwadanganye. Moyo ukisimama ubongo unakosa damu, mwili unaweza kutikisika kama wa mwenye kifafa. Mwingine anakoroma au anatweta kwa kuvuta, watu wanasema anapumua. Ile si pumzi.

Sasa huyo Eriksen, maana baba kamshika yeye. Ilikuwa tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmaki na Ufini, kabla ya mapumziko. Anapokea mpira wa kurusha, akaanguka. Nahodha Simon Kjær akamkimbilia, madaktari wakaanza kumbonyeza kifua pale pale kwenye nyasi, mashine ya kushtua moyo ikaletwa, na mshtuko mmoja ukamrudisha. Wenzake walimzunguka wakamficha na kamera. Alipona kwa sababu watu waliofunzwa walimfikia ndani ya muda mfupi sana. Kisha akapandikizwa kifuani kifaa kinachoangalia mapigo na kuushtua moyo chenyewe ukivurugika. Kwa sababu ya kifaa hicho Italia hawakumruhusu kucheza, akaachana na Inter, klabu yake ya kule. Alirudi uwanjani Februari 2022 na Brentford ya Uingereza, miezi minane na zaidi baadaye, madaktari wamempima na kumpima tena. Mzee anaona goli lake dhidi ya Slovenia kwenye Euro 2024, hiyo miezi ya katikati haioni.

Mwambie pia habari za Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Machi 2012, uwanja wa Tottenham, akiwa na Bolton, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Alishtuliwa mara 15. Kati ya waliomhudumia kulikuwa na daktari wa moyo aliyeshuka kutoka jukwaani, alikuja kuangalia mpira tu. Muamba yuko hai, lakini soka aliacha mwaka ule ule akiwa na miaka 24.

Peleka kijana Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, waeleze hadithi nzima kama ulivyotueleza, na ya Raskazone usiifiche. Kipimo cha kwanza ni ECG, zile waya za kubandika kifuani, hakiumi. Kisha eko, kuangalia misuli na milango ya moyo. Wakiona haja watamwandikia rufaa kwenda taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Damu ya Mangushi
Dada nesi, kwa heshima, mnamtisha kijana. Jua la Tanga mnalijua, mtu hajala, ataanguka tu. Ukimwambia mtoto wa miaka 17 ana ugonjwa wa moyo umemuua kabla ya siku yake. Hao wa Ulaya wanapimwa kila msimu na bado wanaanguka.

Nesi wa Chumbageni
Kweli wanapimwa, na vipimo vya Eriksen alipokuwa Tottenham vilikuwa safi. Ndiyo sababu sitaki mtegemee vipimo peke yake, kila mchezaji hapo ajue kubonyeza kifua. Ila huyu tayari ameonyesha dalili. Raphael Dwamena wa Ghana alijulikana ana tatizo, akawekewa kifaa, baadaye kikatolewa, akaendelea kucheza. Novemba 2023 alianguka kwenye mechi Albania akafariki, miaka 28. Afadhali kijana anikasirikie mimi.

Kocha, mtu akianguka, haitiki na hapumui sawasawa, mmoja apige simu na kutafuta gari, wewe piga magoti. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, bonyeza kwa uzito wa mwili sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachie kirudi juu kila mara. Mkichoka pokezaneni, kila dakika 2 hivi. Maji, kijiko, kitunguu, viatu puani, vyote muda unapotea, na kila dakika ya moyo uliosimama bila msaada inakata nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Usiogope kuvunja ubavu. Ubavu unaunga.

Kocha wa Makorora
Mungu awalipe. Nimerudi kwa mzee jana baada ya Isha, nimekwenda na mjomba wa kijana, yeye anamsikiliza. Ya Eriksen nilimweleza yote, hakujibu. Nilipouliza kuhusu marehemu ndugu yake akakaa kimya kirefu, halafu akasema hata dada yao aliyeolewa Muheza huwa anaanguka akishtuliwa, tangu msichana. Amekubali twende Bombo Jumatatu. Kijana amelia. Jumapili nitakaa naye benchi, jezi nimempa ili asijione katupwa. Na kabla ya mechi nawapanga wachezaji wote chini, tunabonyeza kifua juu ya begi la jezi.

Nesi wa Chumbageni
Huyo shangazi wa Muheza naye apimwe. Na wadogo zake kijana pia, hata wasiocheza mpira. Mpaka wapimwe, baharini wasiende.