Naomba ushauri: waya wa kuonyesha uvimbe kabla ya upasuaji wa kuhifadhi titi

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, hasa kwa wanaofanya kazi hii Mbeya na Iringa.

Uvimbe ni mdogo, haushikiki kwa mkono, unaonekana kwenye ultrasaundi tu. Mpango ni kuutoa pamoja na nyama kidogo nzima inayouzunguka, titi libaki. Asubuhi ya upasuaji inachomwa ganzi ya lidokaini, sindano inaingizwa huku ncha ikifuatwa kwenye skrini, kisha waya mwembamba wenye ndoano unaachwa ndani, mkia ukitokeza nje. Mkia hauvutwi wala haukatwi. Unakunjwa taratibu na kufunikwa kwa gozi na plasta.

Shida ni kwamba chumba cha picha kiko jengo jingine, hivyo mgonjwa anahamishwa waya ukiwa ndani. Titi lenye mafuta mengi halishiki ndoano vizuri, na mkono ukiinuliwa waya unaweza kusogea. Je, mnaweka pia alama ya kalamu kwenye ngozi na kuandika kina cha uvimbe kwa milimita, mgonjwa akiwa amelala vilevile kama mezani? Mimi naona ni salama zaidi.

Nyama ikitoka: inashonwa nyuzi za kuonyesha pande zake, uzi mfupi juu, mrefu upande wa nje, halafu ultrasaundi tena kabla ya kutiwa formalini (dawa ya kuihifadhi) (eksirei hapa haitasaidia). Kingo za nyama hupakwa wino; saratani ikikutwa imegusa wino huo, mgonjwa anarudi mezani. Wino mnapaka wenyewe au mnaachia maabara?

Na tiba ya mionzi baada ya upasuaji: nafasi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, iombwe mapema au baada ya majibu? Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, malazi ya wiki kadhaa si mchezo.