HUYU JAMAA WA SAFARI ZA "KIHISTORIA" KANIVURUGA, NAANDIKA NIKIWA BADO NDANI YA GARI LAKE

Wakuu wa Leicester mnamjua, sitaji jina. Leo katupeleka Stenigot, Lincolnshire, mashambani ambako hata kondoo wanakushangaa. "Ndipo Waingereza walipovumbua rada, tutapanda mnara mpaka juu." Watu wanane, viti saba, dirisha halifungi. Tumefika: chuma kirefu futi 360, uzio, geti lina kufuli. Basi. Na mvua ya ubavuni.

Nikauliza kwa adabu, "Kaka, tunapandia wapi?" Akanigeukia mbele ya shemeji zangu: "Wewe kaa na chapati zako, historia waachie wenye shule."

Chapati zangu! Chapati hizo hizo kala saba kabla hatujafika Lincoln! Mdomo unang'aa mafuta, ananiambia nikae na chapati zangu! Upepo ulivuma mpaka nikamwona marehemu babu, hilo nasamehe. Lakini chapati? Mbele ya shemeji?

Kitumbua_Baridi: Tuanzie hapo kwenye saba. Za maji au za kusukuma?

Babu_Ipswich: Na kawadanganya. Utafiti wa rada ulikuwa Bawdsey, huku Suffolk, kina Watson-Watt, mwanasayansi wa rada, walihamia 1936. Stenigot ni kituo kimoja tu cha mlolongo wa Chain Home, wa kuchungulia ndege za Mjerumani. Bawdsey minara imebomolewa, ila jengo la mitambo lipo, ni makumbusho, unaingia ndani na mvua haikupati.

Mleta uzi: Kwa hiyo asiye na shule nani? Nimemsomea hii kwa sauti. Kaongeza redio.

DadaHull: RAF, jeshi la anga la Uingereza, walikuwa wanapandisha vijana mnara huo wa Stenigot kupima nani anaogopa kimo. Wewe na tumbo hilo ungeishia ngazi ya pili 😂

Wa_Mambrui: Baridi yote hiyo ya nini? Kwetu Mambrui, pwani ya Kenya, Wasauzi walileta rada yao 1940. Hata usipoona kitu, samaki unakula.

Bwana_Harusi: Huyo huyo hajatoa mchango wa harusi yangu aliouahidi tangu Aprili.

Kitumbua_Baridi: Harusi ile tuliyogawana soda moja watu watatu? Na wewe nyamaza. Mleta uzi, hujajibu.

Mleta uzi: Za kusukuma, zina tui la nazi.

DadaHull: Unauza? Jumamosi nina wageni arobaini.

Mleta uzi: Njoo inbox.