Naomba ushauri: sarafu ya fedha iliyotolewa chini ya World Trade Center

Kibindo (mleta mada)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kukusanya sarafu za fedha. Nimepata mtu anayeniuzia American Silver Eagle ya 1999, miongoni mwa zile zilizotolewa katika chumba cha hazina cha Bank of Nova Scotia, chini ya jengo la 4 World Trade Center, New York, baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Anataka mara tano ya thamani ya madini ya fedha yaliyomo. Sipati usingizi nikijiuliza kama bei hiyo ni ya haki. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

Bint Hazina
Ndugu yangu, kabla ya bei, iulize nafsi yako. Watu 2,753 walipoteza maisha New York siku ile, na takriban wanne kati ya kila kumi mabaki yao hayajatambuliwa hadi leo. Kuna mama ambaye hajapata hata mfupa wa kuzika, nasi tunajadili faida. Mimi nisingeiweka nyumbani mwangu.

Mzee wa Mizani
Uchungu wako nauheshimu, dada, lakini sarafu hizi hazikuokotwa kwa marehemu. Zilikuwa akiba iliyotunzwa na benki pamoja na shehena ya dhahabu, na zilitolewa chini ya ulinzi mkali miezi michache ya mwisho ya 2001. Baadaye nyingi zilipelekwa PCGS, kampuni ya Marekani ya kukagua na kuthibitisha sarafu, ambao walizifungia katika makasha ya plastiki yenye lebo inayotaja zilikotoka. Sarafu yenyewe ni wakia moja ya troy, gramu 31.1, ya aina iliyotolewa kwa mamilioni tangu 1986, na usoni pake hapana alama yoyote inayosimulia yaliyotokea. Kwa hiyo unachonunua zaidi ya fedha ni lebo. Je, umeikagua namba ya cheti?

Nanga
Hili limenigusa. Ninayo reale nane, sarafu ya kale ya fedha ya Kihispania, ya merikebu ya Atocha, iliyozama karibu na Florida mwaka 1622 na ambayo shehena yake kuu ilipatikana 1985. Cheti chake kililowa nilipohama nyumba, kikawa uji, nami nililia kama mtoto. Afadhali yangu imeliwa na chumvi, ukiitazama unajua imelala baharini. Iliyokaa hazinani haina ushahidi huo.

Kibindo
Ahsanteni. Namba nimeikagua na inalingana: aina ni hiyo, mwaka ni huo, na lebo ni hiyo.

Mzee wa Mizani
Umejibu kuhusu lebo. Je, sarafu imo ndani ya kasha lililofungwa?

Kibindo
Kasha lilivunjwa. Muuzaji anasema marehemu baba yake alitaka kuishika sarafu mkononi, kwa hiyo lebo iko kando na sarafu imo katika kifuko. Nakiri pia kwamba nimekwisha kutuma nusu ya pesa. Naomba msinihukumu, kwani muuzaji ni mtu wa makamo, mpole, anayejibu kila swali, na lebo ni ya kweli. Hata kama amenidanganya, nitabaki na wakia moja ya fedha.

Mzee wa Mizani
Lebo ni ya kweli, hilo silipingi. Lakini namba inathibitisha sarafu iliyokuwa ndani ya kasha, na kasha likivunjwa ushahidi huo unakatika. Za mwaka 1999 zilitolewa zaidi ya milioni saba, na yoyote kati ya hizo inaweza kulazwa kando ya lebo hiyo.

Shahidi
Mimi nina shaka na uzi wote. Mtu aliyekwisha kulipa anawezaje kufungua mada akiuliza kama anunue? Nahisi anayeandika hapa ni muuzaji mwenyewe, anapima ni kisingizio gani cha kasha lililovunjwa tutakachokikubali. Mahali pale pamezungushiwa uongo mwingi: mwaka 2004 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alikwenda mahakamani kuzuia uuzaji wa kipande kilichotangazwa kuwa dola ya fedha yenye fedha ya Ground Zero, yaani pale majengo yalipoanguka, kumbe kilikuwa kimepakwa fedha juu tu.

Kibindo
Mimi si muuzaji. Nilificha kwa sababu niliona aibu. Siku ile nilikuwa kijana mbele ya televisheni, na tangu hapo nimetamani kushika kitu kimoja kilichotoka kule kikiwa kizima. Leo nimemwandikia nikimtaka apokee bei ya fedha tupu na anirudishie kilichozidi, au arudishe pesa zote abaki na sarafu yake. Ameusoma ujumbe, hajajibu.

Bint Hazina
Nimekuelewa zaidi sasa, ndugu yangu. Ulisema utabaki na wakia moja. Hiyo nusu uliyotuma ni mara ngapi ya fedha iliyomo?

Kibindo
Mara mbili na nusu. Na sarafu bado iko kwake.